Chagua Fundi Kabla ya Saa: Vidokezo 11 kwa Anayesita kati ya Saa Mpya ya Kifahari na Saa ya Kale

Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na jiji huja na tamaa zake. Huyu ameuza viazi vyake vya Molo kwa bei nzuri, sasa anawaza saa mpya ya Uswisi. Yule anaimezea mate Omega ya miaka ya sitini aliyoiona mkononi mwa mzee mmoja kanisani. Wote wawili wana swali moja: ninunue ipi?

Jibu letu ni fupi: nunua ile ambayo yupo mtu wa kuitengeneza. Jina, bei na mng'ao vitafuata baadaye. Haya, tuanze.

1. Mtafute fundi kwanza

Mafundi wa kando ya barabara, wenye kimeza cha kioo na lenzi jichoni, watakubadilishia betri na kukupunguzia mkanda ukiwa umesimama hapo hapo. Kufungua mashine ya saa ya kujaza, kuiosha, kuitia mafuta mapya na kuirekebisha mwendo ni kazi ya wachache. Muulize fundi wako: umewahi kufungua saa ya aina hii? Vipuri unavitoa wapi? Akikwambia hajui, mshukuru kwa ukweli wake, kisha uulizie mwingine.

Saa mpya ya kifahari huenda isipite mikononi mwake kabisa, kwa sababu kampuni nyingi kubwa haziuzi vipuri kwa mafundi wasio wao. Itabidi isafiri hadi Nairobi, kilomita 160 hivi, na pengine ipande ndege. Saa ya kale iliyotengenezwa kwa wingi ina bahati ya Peugeot 504: gari lile lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, likabeba abiria wa Bonde la Ufa miaka nenda miaka rudi, na hadi leo ukikwama nalo hukosi mtu wa kulifungua boneti. Seiko 5, iliyoingia sokoni mwaka wa 1963, ndiyo 504 ya mkononi.

2. Piga hesabu ya miaka kumi

Bei ya dukani ni malipo ya kwanza tu. Saa yoyote ya kujaza au ya kujiendesha ina mafuta ndani, na mafuta hukauka. Yakikauka, vyuma husagana kimyakimya huku wewe ukidhani mambo ni sawa. Saa mpya huhitaji kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Ya kale huhitaji mapema zaidi, hasa ikiwa inavaliwa kila siku.

Saa mpya ina waranti. Rolex, kwa mfano, hutoa miaka 5 tangu mwaka wa 2015. Waranti ya saa ya kale ni neno la fundi wako. Kwa hiyo uliza gharama ya huduma moja kamili kabla ya kulipa chochote. Kama bei hiyo peke yake inakutoa jasho, saa hiyo bado haijawa saizi ya mfuko wako.

3. Angalia mkono wako unafanya kazi gani

Mwenye kukaa ofisini Milimani na mwenye kukamua ng'ombe Njoro hawahitaji saa ya aina moja. Vumbi la Nakuru la Januari na Februari halibishi hodi: hupenya palipo na upenyo, na raba za kuzuia uchafu katika saa ya miaka hamsini huwa zimekauka au hazipo. Kupanda boda boda kwenye barabara mbovu nako ni mtihani. Saa nyingi za kale zisizo na kinga ya mtikisiko, kama ile ya Incabloc iliyobuniwa miaka ya 1930, huvunjika kijiti cha gurudumu la mwendo kwa kudondoka mara moja tu.

Ikiwa mkono wako ni wa kazi, saa ya kisasa inakufaa. Kioo chake cha yakuti hakikwaruziki ovyo. Saa ya kale kwa kawaida ina kioo cha plastiki, ambacho hukwaruzika upesi lakini pia husamehe upesi: ukikisugua taratibu kwa dawa ya meno na kitambaa laini, mikwaruzo midogo huondoka.

4. Ogopa mvuke kuliko maji

Maandishi ya “mita 30” hayana maana kwamba unaweza kupiga mbizi nayo. Maana yake ni kwamba saa itavumilia manyunyu ya mvua na maji ya kunawa mikono. Kwa kuogelea tafuta mita 100 kwenda juu, na hata hizo huhesabiwa saa ikiwa na raba nzima. Saa ya kale ichukulie kwamba haizuii maji kabisa, hata kama imeandikwa vinginevyo.

Eneo letu lina hatari yake ya pekee. Ukienda kwenye bwawa la maji moto la Olkaria kule Naivasha, au kwenye chemchemi za Ziwa Bogoria, vua saa uiache mbali. Joto hutanua vyuma na raba, mvuke huingia, kisha saa ikipoa unyevu unabaki ndani na kutu inaanza. Zaidi ya hapo, harufu ile ya yai bovu ni gesi ya salfa, na gesi hiyo huifanya fedha kuwa nyeusi. Uso wa saa wenye rangi ya fedha hauna urafiki nayo.

5. Saa ya kale, isome mgongoni

Seiko nyingi za zamani hueleza habari zao zenyewe. Nyuma ya saa kuna namba mbili zilizounganishwa kwa kistari: zile tarakimu nne za kwanza ni jina la mashine, kwa mfano 6309 au 7009. Fundi akifungua, mashine iliyomo ndani inapaswa kuwa na namba hiyo hiyo. Katika namba ya usajili, tarakimu ya kwanza huonyesha tarakimu ya mwisho ya mwaka, na inayofuata huonyesha mwezi. Ukiona 7 ikifuatwa na 3, saa ilitengenezwa Machi ya mwaka unaoishia na 7. Aina ya mashine itakusaidia kujua ni muongo gani.

Kisha uangalie uso. Seiko 5 za zamani zenye nyuso za rangi kali, za machungwa, za kijani, za bluu ya kuwaka, nyingi zilipakwa upya India kwa kutumia vipande vya saa mbalimbali. Herufi zake huwa zimevimba au zimepinda kidogo. Zinaweza kuonyesha saa vizuri tu, lakini usizilipie bei ya saa halisi.

6. Usiisugue hadi ing'ae

Mnunuzi mgeni huona saa ya kale iliyochakaa akakimbilia kuipiga polishi na kuipaka uso mpya. Mkusanyaji wa saa hufanya kinyume: analipia kingo ambazo hazijasuguliwa na uso ambao haujaguswa, hata ukiwa na madoa ya uzee. Usafi wa ndani ndio wa lazima.

Kuna sababu nyingine ya kutogusa uso. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu ili ziwake gizani. Rangi hiyo huenda imeacha kuwaka, lakini mionzi yake bado ipo, kwani radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Ikiwa imefungwa ndani ya kioo, wasiwasi si mkubwa. Hatari ni kuikwangua na kuvuta vumbi lake. Usiifungue mwenyewe, na mwambie fundi mapema.

7. Saa mpya, ikague kwa karatasi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rolex inayokufuata mezani mkahawani ikiwa mfukoni mwa koti la mtu haikutoka Geneva. Wengi huamini kwamba saa bandia hutambulika kwa mshale wa sekunde unaorukaruka. Siku hizi bandia nyingi nazo zina mashine ya kujiendesha, na mshale wake huteleza vizuri tu. Ushahidi ni kadi ya waranti yenye namba inayolingana na ya kwenye saa, risiti ya duka linalotambuliwa na kampuni, na fundi kuifungua.

Kama unaagiza kutoka nje, jumlisha nauli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za uagizaji. Ukimaliza kujumlisha, ile “bei poa” ya Dubai inaweza kuwa imeshaota ndevu.

8. Mjue anayekuuzia

Saa ni ndogo, ni ghali na hubebwa kirahisi, kwa hiyo wezi wanaipenda. Kisheria, mtu asiye mwenye mali hawezi kukupa umiliki wake: ukinunua saa ya wizi, mwenyewe akijitokeza utaikosa saa na fedha. Mbaya zaidi, kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu.

Andikianeni hata kama ni kwa kalamu: jina, nambari ya kitambulisho, namba ya saa, bei na tarehe. Lipa kwa njia inayoacha alama. M-Pesa inatosha kwa saa nyingi za kale; kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000. Ikizidi hapo, pitia benki. Muuzaji anayesisitiza noti tupu, tena jioni, tena stendi ya matatu, mwache aendelee na safari yake.

9. Ipime, kisha fikiria utaivaa wapi

Saa ya kiume ya miaka ya hamsini na sitini ilikuwa na upana wa milimita 34 hadi 36. Nyingi za leo ni 40 na zaidi. Mkono mwembamba ukivishwa milimita 42, watu huiona saa kabla ya kumwona mwenyewe. Dada zetu nao wamegundua kwamba ile saa ya babu ya milimita 34 inawakaa vizuri ajabu.

Ukumbi nao una neno lake. Kwenye sherehe ya mahari, iwe ruracio au koito, saa ya kale ya dhahabu iliyofifia huanzisha mazungumzo na wazee; saa kubwa ya almasi huwafanya wakwe wapandishe mahari. Tusisahau pia kwamba Juni 2024 vijana waliandamana nchi nzima, na miongoni mwa yaliyowaudhi ni viongozi kujionyesha kwa saa na mavazi ya bei ya kutisha. Na popote uendapo, mkono wenye saa usiuning'inize nje ya dirisha la gari kwenye foleni.

10. Usiiite akiba

Utasimuliwa kuhusu Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyopigwa mnada New York mnamo Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Ni kweli kabisa, na haikuhusu. Saa nyingi mpya hupungua thamani mara tu zinapotoka dukani, na hata zile zilizopanda sana zilishuka baada ya kilele cha mapema 2022. Za kale hupanda ikiwa ni adimu, hazijaguswa na zina historia iliyoandikwa. Seiko ya kawaida haitakusomeshea mtoto. Mwenye kutaka fedha zake zizae atafute ploti Kiamunyi. Saa inunuliwe kwa fedha ambazo ukizikosa hutalala njaa.

11. Fungua droo ya nyumbani kabla ya pochi

Bonde la Ufa lilijaa watu waliohitaji kujua saa: wafanyakazi wa reli, iliyofika Nakuru mwaka wa 1900, walimu, makarani, wanyapara wa mashamba. Saa zao nyingi zimelala kwenye masanduku na makabati, zikiwa zimesimama kwa sababu ya mafuta makavu tu. Muulize guka (babu), kogo (nyanya) au mjomba kwa adabu. Akikupa saa, usiitie ufunguo kwa nguvu; ipeleke kwa fundi kwanza. Na kama mzee ameshatangulia mbele ya haki, keti na ndugu zako mkubaliane itakaa kwa nani, kabla hujalipia matengenezo ya saa ambayo dada yako mkubwa alikuwa akiisubiri.

Kwa hiyo, ipi?

Ikiwa utakuwa na saa moja tu ya kuvaa shambani, kazini na harusini, nunua mpya, na si lazima iwe ya jina kubwa. Ikiwa tayari unayo ya kila siku, hii ya pili na iwe ya kale. Ikichelewa sekunde thelathini kwa siku haitakukosesha chochote, maana matatu ya Nairobi huondoka ikijaa, si saa ikifika. Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mwongozane hadi kwa fundi wako Jumamosi asubuhi, saa ifunguliwe mbele yenu wote wawili. Akikataa, umeokoa fedha zako.