SOMO LA WATOTO: Kupiga chapa kwa vitu vya jikoni

Mara nyingi tunawakusanya watoto, hatuna rangi wala karatasi, tunaishia kuwaimbisha mpaka wachoke. Mwezi huu tujaribu kupiga chapa. Zamani leso za pwani zilipigwa chapa kwa mkono, kwa vipande vya mbao vilivyochongwa. Na kitenge cha sokoni Busia, ukikitazama vizuri, mara nyingi ni ua lilelile limerudiwa.

Wino tutatengeneza wenyewe. Saga makaa yawe unga laini, changanya na uji wa muhogo uliopoa mpaka uwe mzito kama maziwa mala. Masizi ya sufuria ni meusi zaidi ila hukataa maji, basi ongeza tone la sabuni. Lowesha kipande cha sponji ya godoro kuukuu ndani ya kifuniko cha mkebe. Mtoto agonge chapa yake hapo, asiitumbukize. Kwa karatasi, pasua mfuko wa unga utumie upande wa ndani. Mifuko ya saruji msiguse, vumbi lake huunguza ngozi.

Najua mtu atauliza: tuchezee chakula na mgao umepunguzwa? Ni swali la haki. Anzeni na visivyoliwa. Gunzi la mahindi likikatwa hutoa ua. Kikonyo cha jani la mpapai hutoa pete. Kikonyo cha mgomba hutoa vyumba vidogo vidogo, lakini kifuteni kwanza, utomvu wake hautoki kwenye nguo. Kiazi kitumike kile kilichoanza kuoza, sehemu iliyobaki ngumu. Kisu kishikwe na mwalimu peke yake.

Herufi ndizo watoto huzipenda zaidi, nazo zina hila: chapa hugeuza kushoto kuwa kulia. A, M, T na O hazina shida, kwa hiyo neno MAMA linahitaji vipande viwili tu. B, D, E na K zichonge kawaida, kisha pindua kipande juu chini unapopiga. N, S na R lazima zichongwe kinyume. Ziandike kwa makaa mabichi kwenye karatasi, bandika karatasi juu ya kiazi, alama itahamia ikiwa imegeuka tayari.

Jambo moja zaidi. Familia zetu nyingi zilivuka Busia na Malaba mwaka 2008, zikakaa Mulanda kule Tororo kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo, na majirani zetu wa Sudan Kusini nao waliacha watu njiani. BABA ni neno rahisi kupiga, lakini usiliandike ubaoni ukaamuru darasa zima lilipige. Kila mtoto achague jina analolitaka. Akichagua la mtu asiyekuwepo, mpe karatasi ya pili aende nayo nyumbani, wala usimuulize mbele ya wenzake.

Karatasi zianikwe kivulini. Vipande vya viazi tupeni siku hiyohiyo, kesho yake vitakuwa vimesinyaa.