Malipizi Baada ya Kuungama



Baada ya Misa mama mmoja aliniuliza: "Dada, sisi tumekuja Kanada juzi tu. Hayo ya shule za bweni za Wenyeji wa Asili yanatuhusu nini?"

Ni swali la haki. Wengi wetu tulisoma bweni kwa masista, na tunawashukuru. Hata tuliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama, leo tunasimulia huku tukicheka. Ndiyo maana wengine tunadhani watu wa hapa wanakuza mambo.

Lakini sisi wazazi wetu waliuza ng'ombe ili twende, na likizo tulirudi nyumbani. Wenzetu walichukuliwa. Mwaka 1920 sheria iliwalazimisha wazazi kuwatoa watoto wao. Walipita humo watoto wapatao 150,000, na nyingi za shule hizo ziliendeshwa na mashirika ya Kanisa letu. Walipigwa, wengine walinajisiwa, na maelfu walifia huko.

Tarehe 25 Julai 2022, Papa Fransisko aliomba msamaha pale Maskwacis, Alberta, akasema kwamba hiyo ni hatua ya kwanza tu. Sisi Wakatoliki tunapaswa kumwelewa upesi. Katika Kitubio tunajuta, tunaungama, kisha tunafanya malipizi, aliyeiba hurudisha. Zakayo aliposhuka kutoka mkuyuni alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Maaskofu wa Kanada waliahidi dola milioni 30 mwaka 2021, na majimbo ndiyo yanayochangia. Ukiolewa katika ukoo, huwezi kupokea shamba na kukataa madeni.

Jambo moja linanisumbua: haraka yetu ya kuwaambia wasamehe. Kazini nimejifunza kwamba mgonjwa anayekataa kuguswa si lazima awe mkaidi. Pengine mwili wake unakumbuka. Sisi tuliokosa hatuna ruhusa ya kumpangia aliyeumizwa siku ya kusamehe.

Tena, tuko kwao. Majira ya baridi ya 1669 hadi 1670, mapadre wa Mtakatifu Sulpice kutoka Ufaransa walipokewa katika kijiji cha Waseneca kiitwacho Ganatsekwyagon, karibu na mahali Mto Rouge unapoingia ziwani, si mbali na hapa Malvern. Wageni hao wa Kanisa letu upande huu walipewa pa kulala.

Tarehe 30 Septemba watoto wetu watavaa fulana za rangi ya chungwa shuleni. Wakiuliza, msiwaambie ni sherehe ya Wazungu. Waambieni habari za Phyllis Webstad, aliyekuwa na miaka sita mwaka 1973. Bibi yake alimnunulia shati jipya la rangi hiyo, na siku ya kwanza katika shule ya misheni huko British Columbia akavuliwa. Hakurudishiwa.