Mgeni Anapokuja Kando ya Maji: Somo kwa Vikundi vya Kujisaidia

Somo hili lisomwe kwa sauti kikundini. Kiongozi asimame kila penye swali, watu wazungumze kwanza, ndipo aendelee. Likionekana refu, ligawanyeni kwa mikutano miwili.

Anzeni kwa kusoma Matendo ya Mitume 16:11-15. Paulo na wenzake wamefika Filipi, mji mgeni kwao. Siku ya Sabato wanatoka nje ya lango, wanakwenda kando ya mto, na huko wanawakuta akina mama wamekusanyika. Mmoja wao ni Lidia, mwuza nguo za zambarau, naye anawakaribisha wageni nyumbani kwake. Tukisoma habari hiyo tunamkumbuka Lidia na ubatizo wake, lakini mahali penyewe tunapasahau. Palikuwa ukingoni mwa mto. Watu wa mji wakipata siku ya kupumzika hutafuta maji na kivuli. Filipi ilikuwa hivyo, na Nairobi ni hivyo hivyo.

Vikundi vyenye bwawa, chemchemi au mto karibu nao huuliza: je, tunaweza kuwaita watu wa town waje kwetu Jumapili, watembee, wale, walipe kidogo? Jibu letu ni ndiyo. Lakini tuone kwanza mambo yaliyotokea Nairobi, maana mji ule umeyajaribu mengi, mengine kwa hasara kubwa. Hata jina lake ni la maji: Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi.

Bwawa lililokufa

Kati ya Kibera na Lang'ata kuna Bwawa la Nairobi. Lilifunguliwa mwaka 1953 ili kuupatia mji maji ya kunywa. Baadaye likawa mahali pa starehe: watu walivua samaki na kuendesha mashua za tanga, na klabu ya mashua ilikuwa pale pale. Mzee akikwambia aliona matanga meupe yakipita mbele ya Kibera, usimcheke. Ni kweli.

Leo ukisimama ukingoni utaona majani ya kijani, utadhani ni shamba. Hilo ni gugu maji. Gugu hili hunenepa kwa uchafu: mbolea inayotoka mashambani, maji taka yanayotoka vyooni, hicho ndicho chakula chake. Maji taka yaliingia bwawani miaka mingi, tope likajaa chini, gugu likafunika juu, mashua zikaondoka. Tena msiwalaumu watu wa Kibera haraka. Mtu ambaye hajajengewa choo wala bomba la maji taka, unataka uchafu aupeleke wapi? Waliopanga mji walifikiria wenye mashua, hawakufikiria wanaokaa juu ya bwawa.

Swali: Maji yetu yanatoka wapi kabla ya kufika kwetu? Ni nani anayekaa juu yetu, na choo chake kiko umbali gani kutoka mtoni?

Jambo la kwanza ambalo kikundi kinapaswa kujua ni hili. Usianze na boti, anza na choo. Kama watu wa juu hawamo katika mradi, mradi huo hautadumu, hata mkiweka viti vizuri namna gani.

Watu wa town wanakuja kufanya nini?

Wengi wetu tunadhani mgeni anataka kuogelea na kupanda boti. Wapo wa namna hiyo. Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969 katikati ya mji, ilikuwa na ziwa dogo la kuchimbwa, na kwa miaka mingi familia kutoka Kawangware, Kangemi na Dagoretti zilishuka pale Jumapili baada ya ibada, watoto wakapandishwa boti na kupigwa picha. Lakini waangalie wale wengine wote waliokuwa wamelala kwenye nyasi! Hao hawakulipia boti. Walikuja kukaa tu mahali ambapo hakuna mtu wa kuwafukuza. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, Wangari Maathai alipinga waziwazi, akatukanwa sana, na jumba halikujengwa. Alijua kwamba mtu asiye na kiwanja chake anahitaji mahali pa kukaa na watoto wake.

Nenda tena Arboretum, upande wa Kileleshwa. Bustani ile ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti, ili reli ipate kuni za treni. Hakuna boti pale. Hata hivyo watu wanalipa mlangoni na kuingia. Wanafunzi wanasoma, wachumba wanatembea, na kila siku utawakuta watu wamesimama chini ya miti wakiomba kwa sauti, kila mmoja na mti wake. Wanalipia utulivu. Sisi kijijini tunao utulivu mwingi, ila hatujui kwamba una bei.

Kisha iko Karura, msitu wa hekta 1,000 hivi kaskazini mwa mji, wenye maporomoko ya maji na mapango. Zamani watu waliogopa kuingia kwa sababu ya majambazi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi. Kuanzia mwaka 2009 kikundi cha Friends of Karura kilishirikiana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), wakaweka ua na walinzi, na baadhi ya walinzi hao wakatoka Huruma, kijiji kilicho ukingoni mwa msitu. Hapo ndipo wageni walipojaa. Angalieni mpangilio: maporomoko yalikuwapo siku zote, lakini wageni walikuja baada ya usalama, na usalama ulikuja jirani alipopewa kazi. Agosti 2025 KFS ilipoelekeza ada zote za mlangoni zipitie eCitizen, kikundi kilipinga na jambo likafika mahakamani. Kwa hiyo pesa ya mlangoni inaenda kwa nani? Swali hilo liandikwe na kukubaliwa mapema, kabla pesa haijaonekana.

Ondiri, mahali panapofanana na kwetu

Mfano ulio karibu zaidi na vijiji vyetu uko Kikuyu, magharibi mwa Nairobi. Ni kinamasi cha Ondiri, chenye ukubwa wa hekta 30 hivi, na ndicho chanzo cha Mto Nairobi. Maji yakitoka pale yanapita Dagoretti na Kawangware, yanashuka Kileleshwa na Chiromo, yanafika Museum Hill, kisha katikati ya mji. Kikombe kinachochotwa Ondiri na ndoo inayochotwa Gikomba ni mto mmoja, lakini huwezi kuamini ukiona rangi.

Ondiri si ziwa la kuogelea. Juu ya maji kuna zulia nene la matete na majani yaliyoshikana, na ukikanyaga unahisi ardhi inatikisika kama kitanda cha kamba. Wazee wana hadithi za ng'ombe waliomezwa pale. Mahali kama hapo mtu angesema hapafai kitu. Kwa kweli watu walikuwa wakipachukulia hivyo: wengine walilima mpaka ndani, wengine waliweka pampu na kuvuta maji usiku na mchana, na maji taka nayo yaliingia.

Wenyeji waliungana, wakaunda Friends of Ondiri Wetland, wakapanda mianzi na miti ya kienyeji ukingoni, wakasema na wakulima na ofisi za serikali. Leo wageni wanakwenda kutembea kuzunguka kinamasi na kuwatazama ndege, hasa korongo wenye taji kichwani, ndege ambao wamepungua sana nchini. Mgeni anayependa ndege huja alfajiri, hukaa saa nne bila kelele, hunywa chai yako, na mwaka ujao huja na wenzake. Hataki muziki. Hataki boti. Anataka mwenyeji anayejua ndege fulani analala wapi.

Na ni nani anayejua hayo kuliko kijana anayechunga mbuzi pale kila siku? Mpeni daftari. Aandike ndege aliowaona, mwezi gani, saa ngapi, kwa jina la kwenu. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mali ya kikundi.

Swali: Je, maji yetu yana kitu gani ambacho mtu wa town hajakiona? Kila mtu ataje kimoja. Msicheke jibu la mtu yeyote.

Habari ya boti

Nitaeleza jambo nililoliona mwenyewe, bila kutaja kikundi wala mahali. Kikundi kimoja chenye bwawa kilinunua mtumbwi wa mbao kwa pesa ya harambee. Siku ya kufungua, kila mtu alitaka kupanda. Uliwafaa watu wanne, wakaingia saba, na jaketi za kuokolea hazikuwapo. Kijana mmoja alisimama apungie watu wa ukingoni. Mtumbwi ukapinduka hatua chache tu kutoka nchi kavu, mahali ambapo sote tulidhani mtu anaweza kusimama. Chini kulikuwa na tope la kufika magotini. Aliyekanyaga alishikwa. Wote walitolewa, tunamshukuru Mungu, lakini msichana mmoja alitolewa akiwa hajijui, na aliyemwokoa alikuwa mpishi aliyetupa shuka mbili zilizofungwa pamoja.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kikundi kisicho na jaketi kwa kila kiti kisiweke boti majini. Vyombo vya kubeba watu hukaguliwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), hata vile vya maji ya bara. Wekeni kamba ndefu yenye dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri, ining'inie mtini mahali ambapo kila mtu anaiona. Mtu akizama, mtupieni dumu. Msiruke majini kumfuata kama hamkufundishwa, maana anayezama hukumbatia na kuzamisha. Watoto wasikae ukingoni bila mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, asiyeuza soda wala kupokea simu. Na maji ya mto unaopita mjini yasichezewe hata kwa miguu, kwa sababu ya maji taka. Bwawa lililotulia nalo linaweza kuwa na kichocho, basi muulizeni afisa wa afya kabla ya kumruhusu mtu kuogelea.

Hesabu

Tuseme wamekuja wageni 30, kwaya ya kanisa moja la mjini. Kila mmoja analipa shilingi 100 za kuingia na 250 za chakula. Jumla ni 10,500. Vyakula na kuni 4,200. Waongozaji wawili, 600 kila mmoja, ni 1,200. Wapishi wanne, 500 kila mmoja, ni 2,000. Sabuni na maji ya kunawa 300. Matumizi yote ni 7,700, na zinabaki 2,800.

Andikeni kwenye ubao, mwangalie tena. Ada ya mlango imeleta 3,000 tu. Sufuria imeleta 3,300 baada ya kuondoa vyakula na kuni, na ndiyo iliyowapa akina mama wanne mshahara wa siku. Kikundi kinachofikiria mlango peke yake kitajenga geti la chuma na kusahau jiko. Mweka hazina atoe risiti kwa kila malipo, na ile 2,800 isigawanywe jioni ile ile. Sehemu yake iende kwa miche ya ukingoni na kwa choo cha jirani wa juu.

Mahali pa kujenga

Kibanda cha chakula kisikae kwenye ukingo. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 ziliweka ulinzi kwa ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka mtoni, kulingana na mahali ambapo mafuriko makubwa yaliwahi kufika. Aprili na Mei 2024 mito ya Nairobi ilifurika, watu wakafa, na serikali ikawaondoa waliojenga karibu na mito, Mathare na kwingineko, nyumba zikabomolewa. Waulizeni wazee: mwaka ule wa mvua nyingi, maji yalifika kwenye mti gani? Pigeni alama kwenye mti huo. Hapo chini wekeni nyasi, njia ya miguu na viti vya magogo, vitu ambavyo mto ukivichukua hamtalia. Jiko na choo vikae juu ya alama, na choo kiwe mbali zaidi.

Kikundi kiwe kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, ndipo mzungumze na ofisi ya maji na ya mazingira mkiwa na karatasi mkononi. Ardhi ikiwa ya mtu binafsi, mwandikiane naye mbele ya mashahidi, hata kama ni shemeji yako.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: watu watatu, mmoja wao akiwa mama anayechota maji pale, wapande na mto kwa saa mbili kuelekea unakotoka. Wahesabu vyoo, pampu, mahali pa kuoshea magari na mashamba yaliyofika ukingoni. Wasigombane na mtu, wasalimie tu na kuandika. Daftari lao lisomwe mkutano utakapofunguliwa, kabla ya mtu yeyote kutaja neno boti.