Kusaidia ni Kusimama Kando

Somo la familia. Soma kwanza: 2 Timotheo 4:16–17, Yohana 14:16



Watoto wetu wanalijua neno la Kiingereza "assist" kutoka mpirani: huyu kafunga, yule katoa asisti. Shuleni hapa Brussels wanalikuta kwa Kifaransa, "assister". Sisi wazazi tunalikuta CPAS, kwa "assistante sociale". Ni neno moja.

Kiingereza kililipata kwa Kifaransa, na Kifaransa kwa Kilatini: "ad", yaani karibu na, na "sistere", yaani kusimama. Maana yake ya kwanza ni kusimama karibu na mtu, kabla hujampa kitu chochote. Ndiyo maana hadi leo "assister à la messe" ni kuhudhuria misa tu.

Neno letu "saidia" lilitoka Kiarabu, na katika lugha hiyo mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, unaitwa kwa mzizi huohuo. Tunahitaji yote mawili. Miguu ikikufikisha kwa ndugu yako, ndipo mkono unapata kazi.

Mtume Paulo aliyajua haya. Anaandika kwamba alipojitetea mara ya kwanza, wote walimwacha. Halalamiki kwamba alinyimwa fedha. Anasema hakuwa na mtu upande wake. Kisha anashuhudia kwamba Bwana alikuwa pamoja naye, na kitenzi cha Kigiriki anachotumia ni kusimama kando. Hata Roho Mtakatifu, tunayemwita Msaidizi, kwa Kigiriki ni Parakletos: aliyeitwa aje kando yetu.

Sasa tujitazame. Ndugu aliyefika karibuni anapoitwa CPAS, mara nyingi huenda peke yake, au na mtoto wake wa kumtafsiria. Mtoto huyo anasikia madeni na magonjwa ya mzazi, mzigo usiomfaa. Sisi tulishamchangia chakula, tukaona tumemaliza. Lakini sheria ya Ubelgiji ya 26 Mei 2002, inayohusu mapato ya kujikimu, inampa mwombaji haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kiti cha pili kipo. Nani atakikalia?

Kama unajua Kifaransa au Kiholanzi na unaweza kutoa asubuhi moja kwa mwezi, mwone mzee wa kanisa baada ya ibada. Kama una barua usiyoielewa, usione haya, ilete. Na utakayoyasikia ukimsindikiza mwenzako, yabaki moyoni mwako.

Ya kuzungumza nyumbani:

1. Ulipofika Ubelgiji, nani alisimama kando yako?
2. Wiki hii, ni nani anayehitaji miguu yetu kabla ya mkono wetu?
3. Watoto: ni mambo gani ya watu wazima mnayotafsiri ambayo mngependa mtu mzima ayachukue?

Bwana asimame nanyi. Amina.