Wifi Haji Kutazama Runinga

*Naishi Muyeye, Malindi, nina watoto watatu, na nafanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya Watamu. Nataka runinga ya inchi 43. Kuna Vitron ya shilingi 22,500, na pesa hizo ninazo, nimepokea zamu yangu ya chama. Samsung ya ukubwa huohuo ni 38,000, ila kuna duka linaitoa kwa lipa mdogo mdogo: 8,000 za kuanzia, halafu 130 kila siku kwa mwaka mmoja. Nasikia hizi za bei nafuu hazidumu. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Aprili, lakini Julai huwa wananiita tena. Baba watoto anaendesha tuktuk, anasema niamue mwenyewe. Wifi yangu wa Mombasa atakuja harusini mwezi ujao. Safari iliyopita aliitazama runinga yetu akauliza kama ni Great Wall, watu wakacheka. Nilishamwambia tumenunua Samsung. Ninunue ipi?*
Mama wa Muyeye

Mama wa Muyeye, barua yako ilijaza kurasa nne na nimeikata bila huruma. Habari za ukumbi wa harusi na sare za kina mama hazikuwa na kazi hapa. Ile sentensi uliyoichomeka karibu na mwisho ndiyo niliyoishika: "Nilishamwambia tumenunua Samsung." Ukuta wako bado mtupu, lakini huko Mombasa runinga imeshawashwa na watu wanaitazama. Katika kurasa zote nne hukuniambia hata mara moja nyumbani kwenu mnatazama nini. Taarifa? Mpira? Katuni za watoto? Sijui. Anayekuja kuiangalia hiyo runinga ndiye ninayemjua.

Tupige hesabu kwanza, maana hesabu haina wifi. Shilingi 130 kwa siku 365 ni 47,450. Ongeza zile 8,000 za kuanzia, unafika 55,450 kwa kitu ambacho mwenye pesa mkononi anakilipia 38,000. Hiyo 17,450 ya ziada ndiyo bei ya uongo wako, na unataka kuilipa kwa vipande vipande kila asubuhi. Kwa jumla hiyo ungenunua Vitron mbili na ukabaki na zaidi ya elfu kumi.

Halafu kuna Mei na Juni. Wewe unafua mashuka ya wageni, basi huhitaji kufundishwa: kaskazi ikiisha, Wataliano wamerudi kwao, mvua za masika zinamwagika, hoteli zimefunga madirisha. Miezi hiyo miwili ina siku 61, na deni halina likizo. Ni 7,930 utakazozitafuta wakati hakuna shuka la kufua. Mimi nina msimamo ambao wasomaji wangu wameuchoka, na nitaurudia: anayefanya kazi ya msimu asichukue deni linaloishi muda mrefu kuliko mkataba wake. "Huwa wananiita tena" si mkataba, mwanangu. Mwaka 2020 corona ilipofunga anga, wengi waliokuwa wakiitwa tena hawakuitwa.

Sheria ya Kenya ya ununuzi wa namna hiyo inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kukunyang'anya kitu bila kwenda mahakamani. Vizuri kulijua hilo. Lakini siku hizi vifaa vingine vya mkopo hufungwa kutoka mbali ukikosa kulipa, na utabaki na kioo cheusi ukutani, sebuleni, mbele ya hao hao uliowaambia ni Samsung.

Sikulaumu kwa kutaka kitu chenye jina. Sisi wa pwani tumependa kuonyesha vya mbali tangu zamani. Nenda Mambrui, ukatazame kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Uchina za enzi ya Ming. Nenda Gede, ambako James Kirkman alianza kufukua mwaka 1948, uone kauri za Uchina zilizotoka ardhini. Wakati huo cha Uchina ndicho kilichokuwa na jina kubwa! Leo mtu akisikia "ya Uchina" anakunja pua, na huku hajui kioo cha hiyo runinga yake ya kifahari kimetoka wapi. Samsung iliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022, ikawa inavinunua kwa viwanda vingine, vikiwemo vya Uchina. Biashara ya runinga za Toshiba ilinunuliwa na Hisense, shughuli ikakamilika 2018.

Hilo halifanyi runinga zote kuwa sawa, wala usinukuu maneno yangu kwa muuzaji. Tofauti ipo kwenye taa za nyuma ya kioo, kwenye bodi ya umeme, kwenye ukaguzi kiwandani, na kwenye programu kuendelea kusasishwa baada ya miaka mitatu au minne. Kwa kawaida kampuni yenye jina hujitahidi zaidi hapo. Kama pesa taslimu ungekuwa nazo 38,000, ningekwambia chukua, tumalize.

Sasa nirudi kwa wifi, kwa sababu ndiko unakoumia. Neno lake lile la Great Wall, kile kiruninga cha rangi nyeusi na nyeupe kilichokuwa kikiunganishwa na betri ya gari, lilikuingia. Linaingia, najua. (Ingawa kwa kiruninga hicho hicho mitaa mizima ilijazana mwaka 2002 kuona Senegal ikiipiga Ufaransa, na hakuna aliyeuliza jina.) Kwako lilikuwa tusi, tena ndani ya nyumba yako, tena baada ya kula chakula chako.

Lakini umeandika "watu wakacheka." Watu gani? Nimeisoma sentensi hiyo tena na tena, na kuna mtu mmoja ninayemtafuta ndani yake simwoni. Wifi huyo ni dada wa mumeo. Alipouliza vile, mumeo alikuwa ameketi wapi? Alicheka naye? Alitazama chini? Na leo, ukitafuta runinga ya kumziba dada yake mdomo, yeye anasema uamue mwenyewe. Hapo ndipo penye shida, na hakuna duka la Malindi linalouza dawa yake.

Naamini hivi, na nitagombana na yeyote: ndugu wa mume ni kazi ya mume, ndugu wa mke ni kazi ya mke. Mwanamke aliyeolewa akiachiwa peke yake macho na ndimi za ukoo wa mumewe, ataanza kununua ngao. Leo runinga, kesho makochi, keshokutwa ni simu ya mkopo, na kila ngao ina malipo ya kila siku. Neno moja la kaka mtu, "Dada, hapa ni kwangu, na mke wangu asichekwe," halina hata senti moja ya riba. Mumeo hajalisema kwa sababu hujamwambia lile la wifi liliuma kiasi gani. Wewe uliliweka moyoni, ukaenda kuongopa kwenye simu. Hilo nakukanya: wifi alikosa adabu, lakini uongo ni wako mwenyewe.

Kwa hiyo usiku wa leo mwambie baba watoto yote mawili, maumivu na uongo. Kisha mpigie wifi kabla hajapanda matatu, usingoje afike mlangoni. Sema: "Wifi, ile Samsung nilikwambia tu, hatukuinunua. Tunanunua ya uwezo wetu." Usieleze zaidi, wala usicheke kujitetea. Akikejeli, mpe simu kaka yake.

Nunua ya bei nafuu, kwa zile pesa za chama. Kabla ya kulipa, pita kwa fundi wa runinga, si kwa muuzaji, umwulize ni aina gani anaipatia taa za nyuma na bodi hapa mjini, maana sauti kubaki na picha kupotea ni ugonjwa unaowaletea mafundi wateja wengi. Hakikisha ina kipokezi cha dijitali ndani yake, ili mpate stesheni za bure kwa antena bila king'amuzi. Iwashwe dukani, ukitazame kioo kizima, upewe risiti na kadi ya dhamana yenye muhuri. Weka pembeni pesa ya kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka. Usiitundike mkabala na dirisha linalopokea upepo wa kusi, chumvi inakula bodi za jina lolote.

Na baba watoto aje dukani na tuktuk yake, awepo inapowashwa, asaidie kuchagua. Runinga ibebwe imesimama, isilazwe, na aendeshe polepole kwenye matuta.