Kabla hujanunua programu ya kuandalia kozi

Karani wa SACCOS anajifunza kupokea marejesho ya mkopo. Anasomea kwenye simu, foleni ikipungua, kwa bando la siku. Huyo ndiye wa kumfikiria kwanza, programu itafuata.

Andika sentensi moja: akimaliza, ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi? “Kuelewa mikopo” haipimiki. “Kugawa pesa za mwanachama kati ya riba na deni la msingi” inapimika, na tayari imezaa swali la jaribio: mwanachama anadaiwa riba ya shilingi 12,000, ameleta 50,000, deni la msingi linapungua kwa kiasi gani? Atakayejibu 50,000 usimwandikie “Umekosea” ukamwacha hapo. Mwonyeshe kwamba amesahau kutoa riba, abaki na 38,000. Wengi wetu hutunga maswali mwishoni, tumeshachoka, ndiyo maana yanapima kukariri tu.

Kisha pima uzito. Video ya dakika 10 iliyobanwa hadi megabiti 1 kwa sekunde ina takriban MB 75. Sauti tupu ya kilobiti 64, kama MB 5. Ikiwa kwenye video kuna uso wako tu, rekodi sauti na uweke picha ya stakabadhi.

Sasa programu. Mgeni wa kazi hii aanze na H5P, iliyotoka Norwei: haina malipo, hutengeneza maswali na video zenye maswali ndani yake, na huingia vizuri kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea mafunzo ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia. Moodle nayo ni ya bure, ingawa seva na fundi utawalipa. Aliyezoea PowerPoint ataelewana na iSpring, maana hufanya kazi humohumo. Articulate Storyline ni hodari kwa visa ambavyo kila jibu lina njia yake, lakini hulipiwa kila mwaka.

Ukichagua iSpring au Storyline, hakikisha unafungasha kozi kwa SCORM, kanuni inayouwezesha mfumo kujua nani amemaliza na amepata alama ngapi. Toleo la 1.2, la mwaka 2001, bado linapokelewa karibu kila mahali, ila kumbukumbu ya mahali alipoishia mwanafunzi haizidi herufi 4,096. Niliwahi kufungasha kozi ya saa nzima katika faili moja. Watu wakirudi kesho yake, wanakuta slaidi ya kwanza inawakaribisha upya. Siku mbili nzima nililaumu mtandao. Nilipoikata vipande saba, malalamiko yakakoma.

Kabla ya kuitangaza, mpe karani mmoja aisome kwenye simu yake, bila Wi-Fi ya ofisi. Kaa kando, usimsaidie. Anapouliza “Sasa nibonyeze wapi?” andika namba ya ukurasa. Na kama kozi umetengenezewa, usikamilishe malipo hadi ukabidhiwe faili asilia linaloharirika, pamoja na lile lililofungashwa. Riba ikibadilika mwakani, utalihitaji.