Kivuli Kimoja, Tarehe Nne

Simika fimbo ya mita moja mahali tambarare mjini Singida, upime kivuli chake jua linapofika kileleni. Usingoje saa sita kamili. Saa zetu hufuata longitudo ya 45 mashariki, na Singida iko karibu na 34.8, kwa hiyo kilele huwa yapata saa 6:41 mchana, kikiwahi au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi.

Ukinitajia tarehe, nitakutajia kivuli. Tarehe 21 Juni kinalala kusini, sentimita 54 hivi. Karibu na 5 Oktoba jua liko utosini, kivuli hakuna. Tarehe 21 Desemba kinalala kaskazini, sentimita 34. Kisha jua linageuka, na karibu na 8 Machi liko utosini tena. Kila tarehe ina kivuli kimoja tu: hiyo ni fanksheni.

Sasa geuza swali. Kivuli ni sentimita 20. Leo tarehe ngapi? Inaweza kuwa mwanzoni mwa Februari, Aprili, Septemba au Novemba. Ukitazama kimelala wapi, yanabaki majibu mawili: cha kusini ni Aprili au Septemba. Hapo hata rula nzuri kiasi gani haikusaidii, maana jua limepita palepale likienda na likirudi.

Dawa ni kuukata mwaka. Chukua 21 Juni hadi 21 Desemba tu, kivuli cha kusini kiwe chanya na cha kaskazini hasi. Humo kinashuka kutoka 54 hadi −34 bila kurudi nyuma hata siku moja, basi kila kipimo kina tarehe yake. Fanksheni kinyume imepatikana. Nusu ya pili ingefaa vilevile, ila mkulima wa alizeti anayengoja mvua za Novemba au Desemba ataitaka hii. Kikokotoo nacho hukata kimyakimya: sini ya 30 na ya 150 zote ni 0.5, lakini ukiuliza kinyume hujibu 30.

Kinyume kuwepo, hata hivyo, si kusomeka vizuri. Mwanzoni mwa Oktoba ncha ya kivuli husogea karibu milimita 7 kwa siku. Kuanzia 16 hadi 26 Juni haisogei zaidi ya milimita 3. Na kwa kuwa jua si nukta, ncha hiyo ina ukungu wa sentimita moja hivi. Kurefusha fimbo hakusaidii, kwani ukungu nao hukua kwa kadiri ileile.